Siku Adhama Iliposhinda

Hakuna mtu aliyewahi kuiona Adhama yote akiwa ndani yake. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa utotoni, ingawa utoto wenyewe sina hakika kama niliupitia au nilipewa ukiwa umekwisha, kama mtu anavyopewa nguo iliyovaliwa na mwingine. Manowari yetu ya angani ilikuwa kubwa kiasi cha kuwa na mawingu yake. Yalijikusanya chini ya dari za ukumbi wa mbele, yakanyesha manyunyu juu ya matuta ya mchicha, kisha yakatawanyika. Ilikuwa na mitaa ambayo wakazi wake hawakujua kama kuna mitaa mingine. Ilikuwa na mwangwi uliopotea. Ungeweza kumwita mtu leo, sauti yako ikamfikia akiwa amekwisha kusahau jina lake.

Kuhusu chimbuko lake palikuwa na masimulizi mengi. Wapo waliosema iliundwa kwa chuma cha nyota iliyokufa, na kwamba bendera iliyochorwa ubavuni mwake ilikuwa amri kwa manowari nyingine zote: nifuateni. Wapo waliosema haikuundwa kabisa, ilichorwa tu. Mchoraji alipomaliza akarudi nyuma kidogo kuitazama, akaona madirisha yake ni meusi, hayapendezi. Akatia taa. Kisha akaona taa haiwaki bila sababu, ndipo akatia watu. Nilikuwa naipenda simulizi hii, na nilikuwa naiogopa. Kama ni kweli, sikuumbwa ili nipende wala nipendwe. Niliumbwa ili dirisha fulani lisiwe giza likitazamwa kutoka mbali. Na je, mtu aliyeumbwa kwa ajili ya dirisha akipenda, mapenzi hayo ni yake au ni ya dirisha?

Mume wangu, Mshamu, alikuwa miongoni mwa wachache waliowahi kuiona kutoka nje. Alikuwa rubani wa kipanga, kimojawapo cha vile vyombo vidogo vyenye mbawa kali vinavyotoka tumboni mwa manowari kwenda kupigana.

"Ikoje?" nilimwuliza.

"Nzuri. Nzuri mpaka inatisha. Ukiwa nje unaiona inameta kama mji wa sikukuu, na unasahau kabisa kwamba kwenye kila taa kuna mtu anakaanga vitunguu."

"Na dirisha letu?"

"Nimelitafuta, Somoe. Silioni."

*

Sasa nieleze habari ya Mkono, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Sisi tuliishi asubuhi moja. Asubuhi hiyo nyumba zilinuka vitunguu na mkate, Jemadari Mwinyigogo akahutubia kwenye vipaza sauti, ving'ora vikalia, na kutoka nyuma ya mwezi uliokufa zikatokea manowari za Wale. Hatukuwa na jina jingine la adui zetu. Walikuwa Wale, na bila shaka wao walituita sisi vivyo hivyo. Vipanga vilitoka, mizinga ikanguruma, na kila mara tulishindwa. Adhama ilipasuka katikati. Hapakuwa na maumivu. Palikuwa na kitu kama kope linalofumba na kufumbua, na kumbe ni asubuhi, vitunguu vinanuka, na Jemadari anasafisha koo lake ili ahutubie.

Watu wengi hawakukumbuka chochote. Waliamka wakaipokea asubuhi ile kama zawadi mpya. Wachache wetu tulikumbuka, lakini kama unavyokumbuka ndoto: unashika mkia, mwili wote umekwisha kuponyoka. Tulikiita kilichoturudisha Mkono. Si kwamba tuliuona. Ila ukicheza na mtu muda mrefu, hata akiwa nyuma ya pazia, unamjua kwa jinsi anavyosogeza kete.

"Umewahi kuwaona wacheza bao?" Mshamu aliniuliza wakati mmoja. "Mmoja akikosea, anamwambia mwenziwe, niache nirudie. Huko juu kuna mtu anayerudia."

"Anamwomba nani ruhusa?"

"Huenda hamwombi yeyote. Huenda ndiyo maana harudii mara moja tu."

Katika asubuhi zile nilimwona Mshamu akifa kwa moto, kwa kishindo, kwa baridi, kwa kupotea tu bila sauti. Kisha kope likafumbua, na yeye yuko mlangoni, anafunga mikanda ya vazi lake, anauliza kama chai iko tayari. Nilikuwa mjane mara nyingi kuliko nilivyokuwa mke. Lakini ujane wangu ulikuwa wa kupita. Haukudumu hata chai ikapoa. Nilikuwa nimejifunza kutolia. Kumlilia nani, wakati anakuja?

Na bado nilijiuliza, ninapomtazama akipuliza kikombe: huyu ndiye? Aliyeungua ameungua. Huyu hakumbuki moto ulivyokuwa, anakumbuka kidogo tu, kama mtu aliyesimuliwa. Mimi mwenyewe, niliyepasuka na manowari mara zote zile, ni yupi katika mimi anayeuliza swali hili?

Chai ilipoa. Ving'ora vililia.

*

Kazi yangu ilikuwa ya mnadi. Kwenye Adhama palikuwa na mzinga mmoja mkubwa kuliko yote, ulioitwa Kauli, ambao ukifyatuliwa mara moja ungeweza kuimaliza manowari kuu ya Wale. Mafundi wa zamani hawakuuwekea kifungo. Walisema kidole hakifikiri, bali ulimi, kabla ya kusema, lazima umeze mate kwanza. Kwa hiyo waliuumba mzinga usikie sauti ya binadamu mmoja tu, nao ukasikia yangu. Jemadari angeamuru, mimi ningesogea kwenye pembe ya shaba iliyoingia kooni mwa mzinga, na ningetamka neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi na la kawaida: basi. Katika chumba changu cha kazi, penye pembe hiyo, tulilikwepa. Hata mtu akichoka, hakulisema. Alisema inatosha, au alipumua tu.

Katika asubuhi zote zile sikuwahi kulitamka. Ngao ya Wale haikuwahi kupasuka. Amri haikuwahi kufika. Nilikaa na neno langu mdomoni kama mtu aliyewekewa pipi, ama sumu.

Jemadari alikuwa na desturi ya kuteremka chumbani kwangu akishamaliza hotuba. Alikuwa mzee mrefu mwenye mabega ya mtu aliyezoea kutazamwa.

"Mnadi," aliniambia safari moja, "hotuba yangu umeisikia?"

"Naijua kwa moyo, Jemadari."

"Hata mimi. Ndiyo maana siisikii tena." Akatazama mikono yake. "Nimejaribu kusema neno jingine. Ulimi unakataa. 'Wanangu, leo ndiyo siku,' nasema, na mengine yanafuata yenyewe kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini. Najiuliza kama ndani yangu kuna maneno mengine yoyote. Je, nikimaliza kupigana, nitakuwa na la kusema?"

Mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowajua alikuwa akiniuliza kama yeye yupo.

*

Ile asubuhi ninayoisimulia, Mshamu hakuuliza chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda na mkanda mmoja haujafungwa.

"Mkono unajifunza," alisema. "Huoni? Safari zilizopita ulitutuma kama watu waliolewa. Sasa unatupanga. Safari ya mwisho tulikaribia."

"Kukaribia nini?"

"Kushinda."

"Sasa si heri?"

"Heri kwa watakaokuwa hai saa hiyo." Alinishika kifundo cha mkono, akakikaza. "Fikiri, Somoe. Siku tukishinda, Mkono utarudia kwa sababu gani? Umepata ulichotaka. Utaendelea mbele. Na waliokufa siku hiyo wamekufa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Neno la mwisho ni lako," akasema. "Kama nimekufa, na amri imekuja, nyamaza. Ukinyamaza tutashindwa, na mimi nitarudi hapa. Niahidi."

"Mshamu, wewe ndiye uliyekuwa ukisema umechoka."

"Nimechoka kufa. Sijachoka kurudi. Nimekufa mpaka nimezoea, lakini kufa nisirudi sijawahi. Naogopa, mke wangu. Niahidi."

Alikuwa na macho ya mtu anayetazama shimo, na shimo linamtazama. Nikamwahidi. Sijui mke gani angekataa.

Kabla hajainuka, mlango ukabishwa na sauti tuliyoijua ikaingia kabla ya mwenyewe. "Hodi humu! Mmelala, au mnagombana?"

Alikuwa Mwanamvua, mdogo wake Mshamu, wifi yangu. Mumewe alikuwa mwokaji mikate huko nyuma ya manowari, safari ndefu kwa behewa la ndani, kwa hiyo asubuhi ya vita alikuja kwangu. Alikuwa na mimba iliyotimia. Nasema imetimia, lakini lugha hainisaidii. Alikuwa na mimba iliyotimia asubuhi zote. Kila mara vita vilianza akiwa karibu kujifungua, na kila mara kope lilifumba kabla. Yeye hakukumbuka kitu. Mwili wake ndio uliokumbuka.

"Wifi," alisema huku akijishika kiuno, "hivi mtu anaweza kubeba mimba mpaka ikachakaa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mgongo wangu. Unauma kama wa mtu aliyebeba tangu enzi za bibi." Akacheka, akamgeukia kaka yake. "Na wewe, mbona umekunja uso? Njoo umguse mpwa wako, anarusha mateke."

Mshamu akaweka kiganja chake juu ya tumbo la dada yake. Alikiacha hapo muda mrefu. Sikuona uso wake. Kisha akafunga mkanda uliobaki, akatoka, na kwenye vipaza sauti Jemadari akasafisha koo.

*

Chumba cha mnadi kilikuwa katikati kabisa ya manowari, penye kuta nene kuliko kwingine kote, ndiyo maana wanawake waliokaribia kujifungua waliruhusiwa kujihifadhi humo. Siku ile alikuwa Mwanamvua peke yake. Nilimtandikia godoro karibu na pembe ya shaba. Mbele yetu palikuwa na kioo kikubwa, na ndani ya kioo palionekana yote ya nje: mwezi uliokufa, vipanga vyetu vikitawanyika kama makapi yanayopepetwa, na manowari za Wale zikitokea moja baada ya moja bila haraka, kama wageni wanaojua wamealikwa.

Vita vya angani havina sauti. Unaona mtu akiisha, na kikohozi cha jirani yako ndicho unachosikia. Niliitazama manowari yao kuu. Nilikuwa nimeitazama asubuhi zote, lakini siku ile kwa mara ya kwanza niliona ilikuwa na madirisha, na madirisha yalikuwa na taa. Nikafikiri: na kule kuna vitunguu. Nikafikiri: na kule yupo mtu aliyesimama mbele ya pembe, akiwa na neno lake.

Kisha sauti ya Mshamu ikaja kwenye kipaza sauti kidogo cha ukutani.

"Somoe, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sikutaka kuja huku. Naona mikono yangu inageuza usukani, na siyo mimi ninayegeuza. Nipo chini ya tumbo lao. Iko sehemu hapa ngao yao imeungana, inatetemeka kama ngozi ya maziwa."

"Rudi."

"Nakwambia siyo mimi." Alivuta pumzi. Nilimsikia akivuta pumzi. "Ni nzuri, Somoe. Hata hii yao ni nzuri. Usisahau ulichoniahidi."

Kipaza sauti kikatoa mlio kama wa mchele unaomwagwa kwenye sinia. Kwenye kioo cheche moja ndogo iliwaka chini ya manowari ile kubwa, na kutoka pale ngao yao ikaanza kuchanika, taratibu, mpaka ubavu wao wote ukabaki wazi.

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama.

Sauti ya Jemadari ikashuka kutoka juu. "Mnadi. Tamka."

*

Sikutamka.

Naomba nieleweke. Sikuwa nikifikiri kuhusu ushindi wala kuhusu Wale. Nilikuwa nikisubiri kope. Nilisema moyoni: sasa hivi litafumba, na atakuwa mlangoni, na mkanda wake haujafungwa. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya. Ni mara ngapi mtu anapewa uwezo wa kumfufua mumewe kwa kufunga mdomo tu? Falme zote zilizowahi kusimuliwa zilijengwa na watu waliosema. Mimi nilikuwa na ufalme wa kunyamaza, mpana kuliko zote, na nilikuwa ndani yake peke yangu.

"Mnadi!" Jemadari alisema tena. "Ngao yao itaungana tena. Tamka!"

"Wifi." Mwanamvua alikuwa ameegemea ukuta, macho yamemtoka. "Yule aliyesema ni kaka?"

"Ni yeye."

"Yuko wapi?"

Nikatazama kioo. Akatazama nilipotazama. Alifungua mdomo lakini hakulia. Badala yake alishika tumbo kwa mikono miwili, na nikaona godoro limelowa.

"Maji yametoka," akasema kwa sauti ndogo. "Wifi, maji yametoka. Mbona sijui kinachofuata? Siku zote ni kama najua kinachofuata. Sasa sijui."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamweleza kwa maneno machache, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya mengi: kwamba asubuhi hii tumeiishi mara nyingi, kwamba nikinyamaza tutapasuka na itaanza upya, na kaka yake ataingia mlangoni akiwa mzima.

"Ataingia, halafu?" aliuliza.

"Halafu atatoka kwenda vitani."

"Halafu?"

Uchungu ukamkamata, alinishika gauni akalivuta mpaka mshono ukaachia. Ulipopita nilimwuliza swali nisilopaswa kumwuliza. "Ungekuwa wewe, Mwanamvua?"

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Usiniulize mimi! Ukiniuliza mimi nitamchagua mtoto, na wewe utanichukia maisha yako yote. Amua mwenyewe. Mimi nishike tu mkono."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa umejaa nguvu za mtu aliye safarini. Hapo ndipo nilipojua. Mikono yote niliyoishika asubuhi zile, ukiwemo wa Mshamu, ilikuwa mikono ya watu waliosimama mahali pamoja. Huu ulikuwa ukienda. Na yule aliyeniambia "usisahau" alikuwa amekwisha kufa, ninyamaze au niseme. Angeingia mwingine mlangoni, mwenye uso wake, mwenye hofu ileile, nami ningemwandalia chai na kumtuma tena chini ya tumbo lile. Nilimtaka hata huyo. Mungu anajua nilimtaka. Ningemchukua hata kivuli chake.

Bila kuuachia mkono wa Mwanamvua, nilijinyoosha mpaka kwenye pembe ya shaba. Nikameza mate.

"Nisamehe," nikasema, na mzinga haukusikia neno hilo kwa sababu halikuwa lake. Kisha nikasema, "Basi."

*

Mwanga ulikuwa mweupe, haukuwa na joto. Ulipopungua niliona taa za manowari yao zikizimika, ghorofa baada ya ghorofa, kama mama mwenye nyumba anapopita chumba hadi chumba kabla ya kulala. Nilitazama mpaka ya mwisho. Niliona ni wajibu wangu. Sikuwajua, na sitawajua, na ni mimi niliyelisema lile neno.

Kisha sote tuliokumbuka, popote tulipokuwa katika manowari ile, tulishika pumzi tukisubiri kope.

Halikufumba.

Dakika zilikuja ambazo hatukuwahi kuzikanyaga. Zilikuwa na harufu nyingine. Vitunguu vilikuwa vimeungua mahali fulani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvipika mpaka mwisho. Na katika dakika hizo Mwanamvua alipiga kelele, akasukuma, akanitukana mimi, mumewe na Adhama nzima, na mtoto akatoka mikononi mwangu, wa kike, ana utelezi kama samaki, amekunja ngumi. Alilia. Ilikuwa sauti mpya kabisa. Nilitambua kwa mshangao kwamba zile nyingine zote nilikuwa nimewahi kuzisikia.

Jemadari aliteremka ngazi. Alisimama mlangoni, akaona damu, akamwona mtoto, akaniona mimi. Mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Nimeambiwa kuhusu mumeo," alisema. Midomo yake ikacheza. Ilikuwa ikitafuta wanangu, ikitafuta leo ndiyo siku, na siku ilikuwa imekwisha kupita. "Mnadi, sina maneno. Nisemeje?"

"Sema pole, Jemadari."

"Pole," alisema, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Akalirudia. "Pole, mwanangu."

Alipanda ngazi kurudi juu. Baada ya kitambo vipaza sauti vilikwaruza katika mitaa yote, na watu wote wakanyamaza kusubiri hotuba ya ushindi.

"Wanangu," alisema Jemadari Mwinyigogo. Vipaza sauti vikakwaruza tena. "Wanangu, poleni. Mmekula?"

Sijui watu walifanya nini kwingine. Mwanamvua alianza kucheka, na kucheka kwake kukageuka kitu kingine, akakizuia kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kunyonya.

*

Hatukujua kuomboleza. Ni jambo la ajabu kusema kuhusu watu waliokufa mara nyingi kiasi kile, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kubaki amekufa muda wa kutosha. Wanawake wa mtaa wetu walikuja wakasimama ukumbini kwangu na mikono yao inaning'inia. Mmoja akasema anakumbuka, hajui kutoka wapi, kwamba viti hutolewa na mikeka hutandikwa. Tukatoa viti. Tukatandika mikeka. Mwingine akasema nadhani hupikwa uji. Akaenda kupika. Tukakaa. Vijana waliokuwa wakipiga ngoma ya ushindi kwenye mtaa wa chini walifika mlangoni petu na ngoma zao, wakaona tulivyokaa, wakaziweka chini, wakakaa nasi bila kuuliza.

Hapakuwa na maiti wa kuosha. Palikuwa na dirisha tu, na nje yake mabaki yakielea, yetu na yao, yamechanganyika hata huwezi kutenga.

"Tunakaa mpaka lini?" mtu aliuliza.

Uji ulipoiva tuliunywa.

Nilimfuata Mwanamvua chumba cha ndani, alikokuwa amelazwa na mtoto. Nilikaa chini, mgongo kwenye kitanda, ili nisimtazame.

"Nilimwahidi kaka yako ningenyamaza," nikasema. "Aliniomba asubuhi, kabla hujabisha hodi. Alikuwa anaogopa."

Nilisikia akimvuta mtoto karibu.

"Nilisikia alivyokwambia usisahau," alisema. "Sikujua ni kitu gani. Sasa najua." Kitanda kilitoa mlio alipojigeuza. "Sijui nikushukuru au nikulaani, wifi. Vyote viwili viko hapa kifuani, vinagombana. Nipe muda."

"Chukua."

"Kwani sasa upo? Muda?"

"Upo."

Tulisikiliza. Ulikuwepo kweli, ukipita juu yetu bila kurudi, na mimi nilimchukia kila mmoja aliyekuwa ndani yake, pamoja na mimi mwenyewe. Nilitambua pia kwamba nilikuwa na njaa, na kwamba nitakuwa na njaa tena, na kwamba nitazeeka. Mshamu hatazeeka. Nitampita. Siku moja nitakuwa bibi, na yeye atakuwa kijana niliyemjua.

Nyuma yangu Mwanamvua alivuta pumzi iliyokatika katikati. Mtoto akashituka, akaanza kulia. Akambembeleza, mtoto akanyamaza. Ikaja pumzi nyingine, ikakatika vilevile, na mtoto akalia tena, na mama yake akaimeza tena ili amnyamazishe. Nilisikia hayo yakijirudia mpaka nikaelewa.

Niliinuka. "Nipe mtoto," nikamwambia.

"Mshike kichwa."

"Ninamshika."

Nikampokea. Nikatoka naye ukumbini walikokaa watu, nikaurudisha mlango nyuma yangu, ili mama yake apate nafasi ya kumlilia kaka yake.